Mara Moja au Mara Mbili

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na watoto wote. Sisi huku tunakwenda, ukiacha hayo nitakayoyafikia hapo chini. Binti yangu bado anafundisha darasa la pili na kila jioni anarudi sauti imekauka. Paka wa jirani amezaa chini ya ngazi yetu, na sijui kwa nini lawama zote naletewa mimi. Bwenini nilikostaafu wamepata msimamizi mpya, nasikia wasichana wanamchezea watakavyo, nikasema sasa wataujua umuhimu wangu.

Usishangae kuona barua. Nimekupigia simu mara nyingi. Unapokea mashine zinanguruma, unasema, "Dada, nitakupigia," halafu kimya. Nami jambo lenyewe si la kusemwa huku mtu anagonga misumari kwenye kochi.

Nilikuwa naona damu chooni. Nilinyamaza nayo kwa muda, kisha binti yangu akagundua akanikokota hadi hospitali. Wakanipiga picha ya tumbo, na badala ya jambo moja wakakuta mawili. La kwanza liko kwenye utumbo mpana, kauvimbe ambako hawakapendi. La pili hawakuwa wakilitafuta hata kidogo. Ule mshipa mkubwa wa damu unaoteremka tumboni kutoka moyoni umefura katikati. Ulitakiwa uwe na upana wa sentimita mbili, wangu umefika sita. Siusikii ukiuma wala kuwasha. Nikilala chali na kuweka mkono juu ya kitovu nauona unadunda, basi.

Sasa nina madaktari wawili. Mmoja namwita Matumbo, mwingine namwita Mishipa, maana majina yao halisi yananipiga chenga. Matumbo anasema uvimbe hausubiri, aanze yeye. Mishipa anasema wakigusa matumbo kwanza, mshipa unaweza kupasuka nikiwa kitandani napona, na ukipasuka hakuna wa kulaumiwa kwa sababu sitakuwepo kumlaumu. Matumbo anamjibu kwamba akianza Mishipa na lile jeraha kubwa, nitakaa miezi napona huku uvimbe unatembea. Daktari kijana aliyesimama nyuma yao akauliza, je, wakipasua mara moja wakafanya yote mawili siku hiyo hiyo? Wote wawili walimtazama kama aliyevunja sahani ya wageni.

Nimetoka pale kichwa kimejaa ukungu. Unaijua nyumba yetu. Mama hakuhama, hakuoza binti wala hakuuza kitu mpaka ndugu yake wa tumbo moja aseme neno, na sisi wawili tumeishi hivyo hivyo. Hata wifi yangu hukumuoa mpaka nilipokubali, ingawa ulikuwa umeshanunua kitanda. Kwa hiyo nimewaambia madaktari kwamba sitii saini popote mpaka mdogo wangu aseme. Ni mara moja au ni mara mbili? Nijibu upesi.

Dada yako.


Tarehe 19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma mimi, kisha nikaisoma tena. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto mkubwa amefaulu hesabu, wa mwisho amefaulu kuvunja dirisha la mwalimu mkuu. Mimi nimepata kazi ya kuvisha upya viti vya ukumbi wa mikutano, viti vingi mpaka karakana haina pa kupita, tunaruka ruka kama tuko shambani. Kitambaa walichochagua ni cha rangi ya damu ya mzee, kinachosha macho, lakini mteja ni mteja.

Kuhusu hayo ya tumbo, pole sana, Dada. Naona ni vizuri usiwe na mawazo mengi. Kunywa maji ya kutosha, usibebe ndoo, na huyo paka mfukuze kabisa maana manyoya yake si mazuri kwa mtu anayeumwa. Hao madaktari ni wasomi, nadhani wakikaa chini wataelewana.

Viti vikipungua nitakuja kukuona. Msalimie mpwa wangu, mwambie ajaribu maji ya uvuguvugu na chumvi kwa sauti yake.

Mimi mdogo wako.


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Paka yupo.

Nilikuuliza swali la maneno saba, umenijibu ukurasa mzima kuhusu viti. Nilimsomea binti yangu barua yako kwa sauti, nilipofika kwenye ndoo akacheka, halafu akaanza kulia, na mimi sikujua nimfuate kwenye lipi.

Matumbo amenipigia simu yeye mwenyewe. Anauliza kama huyo mdogo wangu anaishi mwezini. Nilikutetea, nikasema una kazi nyingi, lakini moyoni nilikuwa upande wake.

Nikuambie jambo moja ambalo litakuamsha. Mishipa alinionyesha kitu watakachokiweka pale mshipa ulipofura. Ni bomba la kitambaa, jeupe, lenye mikunjo mikunjo. Nikamuuliza kitambaa gani, akasema polista. Nilikishika nikakukumbuka. Yaani dada yako atatembea na polista tumboni, na wewe uliyeshona na kufumua polista maisha yako yote huna la kusema.

Sitii saini bila neno lako. Naogopa, nakuambia wazi. Mara moja au mara mbili?

Dada yako.


Tarehe 11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Wifi yako aliiona barua yako mezani akanikalia kooni siku nzima. Watoto hawajambo. Dirisha tumelirudisha.

Sikujibu kwa sababu sikujua la kujibu. Nilikuwa naanza kuandika, mkono unaenda wenyewe kwenye habari za viti. Wewe ndiye uliyenilea baada ya baba, wewe ndiye uliyekuwa unasema ndiyo na hapana, sasa unanigeuzia mimi niseme juu ya tumbo lako, na mimi nikifikiria tumbo lako likiwa wazi naikunja karatasi.

Lakini umeniuliza kama fundi na nitakujibu kama fundi. Kochi halifumuliwi mara mbili. Mteja akikuletea kochi springi imekatika na sponji imekufa, hufumui leo ukatia springi, ukashona, ukampa, halafu mwezi ujao ukamwambia lete tena nitie sponji. Kila unapong'oa pini mbao inaumia. Ukifumua mara ya pili, mbao haishiki pini tena, hapo hata ufundi wako wote hausaidii. Ukishafungua umefungua, maliza kila kilichomo, funga.

Na wewe umri umekwenda, Dada, usikasirike. Nusukaputi mara mbili, kidonda mara mbili, kupona mara mbili, utayatoa wapi? Waambie, "Mdogo wangu amesema mara moja." Wote wawili waingie siku hiyo hiyo, huyu amalize lake na yule lake.

Nimesema. Sasa nitalala.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Wewe umelala, mimi ndiyo kwanza nimekoma kulala.

Salamu kwa wifi, mwambie aendelee kukukalia kooni. Binti yangu mzima. Nilivaa gauni langu la mikutano ya wazazi nikaenda hospitali na neno lako. Niliwakuta wote wawili pamoja, nikasema, mdogo wangu amesema mara moja, na nikawaeleza habari za kochi na pini kama ulivyoziandika. Matumbo alisikiliza mpaka mwisho. Mishipa akauliza huyo mdogo wako ni daktari wa wapi, nikamwambia ni fundi makochi, akavua miwani akaifuta.

Wakaniketisha. Mishipa akaeleza hivi, na nakuandikia nilivyoelewa, yaani nusu. Utumbo hata uoshwe vipi haukosi uchafu, ndiyo kazi yake. Ukifunguliwa karibu na lile bomba jipya la kitambaa, kijidudu kimoja kikiruka kikakaa kwenye polista, hakitoki. Damu ya mwili inapigana na vijidudu kwenye nyama, kwenye kitambaa haina nguvu. Bomba likioza ndani, inabidi litolewe, na wengi hawaponi. Anasema kama ingekuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo, au kitu kingine kilicho safi zaidi, wangeweza kufikiria kufanya pamoja, na wapo madaktari wanaofanya. Utumbo mpana, hapana, hapendi.

Nikamuuliza, basi nani aanze? Wakatazamana. Matumbo akasema yeye, Mishipa akasema yeye. Tukarudi pale pale.

Nisingekuangusha mbele yao. Nilishikilia neno lako. Nimebishana na madaktari wawili kwa ajili ya springi zako, mpaka Matumbo akasema, "Mama, tukifanya unavyotaka tunaweza kukuua." Nikasema nitakuandikia. Akatoka bila kuaga, na huyo ndiye mpole kati yao.

Mishipa alibaki akaniuliza habari za ukoo. Baba alikufa na nini? Nikamwambia alishika mgongo uani akaanguka, watu wakasema ni moyo. Akaweka kalamu chini akasema huenda haukuwa moyo. Akaniuliza na mengine, nikajibu yaliyojibika.

Sijui chochote sasa. Nikikusikiliza wewe nakubali, nikiwasikiliza wao nakubali, nikilala chali naona kinadunda. Niambie tena, lakini safari hii fikiria.

Dada yako.


Tarehe 22 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako bado, ila nakuandikia haraka. Hatujambo sote. Ukitaka kucheka, utacheka mwishoni.

Ile barua yangu iliyopita, neno nililosema, lifute. Usiwape madaktari. Kama umeshawapa, waambie fundi amekosea kipimo.

Wiki iliyopita nililetewa kochi la zamani la mama mmoja, panya walikuwa wamezaa ndani ya mkono wake. Viti vya ukumbi vimeshika nafasi yote, nikaona nilifumulie kwenye meza hiyo hiyo ninayokatia kitambaa cheupe cha mteja mwingine. Nilijihadhari sana. Nilitandika magazeti, nikafagia, nikapangusa kwa dawa. Cheupe nikakikata, nikakishona, nikakivisha, kikapendeza. Jana mteja amekirudisha. Harufu. Macho hayaoni kitu, lakini ukisogeza pua, panya wapo. Nimefua, nimeanika, nimepulizia, wapi. Nimekitupa kitambaa chote.

Nilisimama pale nacho mkononi nikakumbuka bomba lako la polista na utumbo wako. Nilikuwa nafikiria mbao na pini tu, sikufikiria uchafu. Dada, iwe mara mbili. Nani aanze sijui, lakini wasifanye kwenye meza moja.

Mdogo wako, na mara hii nimefikiria kweli.


Tarehe 1 Aprili

Mdogo wangu,

Nina barua zako mbili kitandani. Moja inasema mara moja, nyingine inasema mara mbili, na zote zina mwandiko wako. Hii ya pili imefika wakati yangu iko njiani kuja kwako, kwa hiyo nadhani umeshaisoma na umeshajua kwamba panya wako na Mishipa wanasema lugha moja. Binti yangu anasema nikuandikie kwamba ana hasira na wewe. Nimeshaandika, ameondoka jikoni.

Sasa sikiliza, maana mambo yamegeuka tena. Jumatatu nilishikwa na maumivu ya mgongo nikiwa nafunga mlango. Nilijua ni baba. Yaani nilijua ni lile la baba pale uani. Binti yangu aliita gari, wakanifikisha, wakanipiga picha nyingine. Mshipa haujapasuka. Mishipa alisema ulikuwa unatoa taarifa, na kwamba wakati tunaoutumia kuandikiana mimi na wewe ni wakati wa mshipa, si wetu.

Basi wameleta njia ya tatu. Watapitia pajani. Kwenye kinena watatoboa mshipa mdogo, watapenyeza bomba la kitambaa lenye waya ndani likiwa limekunjwa, lipande mpaka kule juu, kisha lifunguke lenyewe lishike kuta, damu ipite ndani yake. Tumbo halipasuliwi hata kidogo. Nikipona, na kwa njia hiyo mtu hupona mapema, Matumbo aingie na kisu chake akakate kauvimbe bila hofu. Nikawauliza kwa nini hawakusema hivyo toka mwanzo. Mishipa akasema si kila mshipa unaikubali njia hiyo, ilibidi apime kwanza, na bomba lenyewe linaagizwa kwa kipimo cha mtu. Yote hayo alikuwa anayafanya wakati mimi nabishana naye habari za pini. Hakuniambia asije akanipa tumaini la bure.

Sijaelewa vizuri namna gani mtu anatengenezewa tumbo kupitia pajani. Niliuliza mara tatu, nikaona aibu kuuliza ya nne.

Nimetia saini. Binti yangu alinishikia karatasi. Sikungoja neno lako, na ni mara ya kwanza kwa mmoja wetu kufanya hivyo. Usinikasirikie.

Dada yako.


Tarehe 9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia sijui kama unaisoma ukiwa umeshatobolewa au bado. Mpwa wangu hapokei simu yangu. Wifi yako anasema nimestahili.

Sina hasira. Nilipoona umetia saini bila mimi nilikaa kwenye stuli nikaona mwili umekuwa mwepesi, halafu nikaona uchungu, halafu nikawa siyajui yote mawili. Ulikuwa sahihi. Mimi nimekupa maneno mawili, na mtu mwenye maneno mawili hana hata moja.

Lakini kuna mahali nimekwama. Ulisema Mishipa alikuuliza na mengine, ukajibu yaliyojibika. Mengine yapi? Nimelisoma hilo tena na tena. Ukiwa msimamizi wa bweni ulikuwa unawaadhibu wasichana kwa jibu kama hilo.

Viti vimebaki safu chache. Nitakuja.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Nipo. Naandika nimeegemea mito miwili, pajani nina alama ndogo pande zote mbili kama nimeng'atwa na mdudu mwenye adabu. Sikuamini. Mishipa alinionyesha picha, bomba limekaa mahali pake, na damu inapita ndani yake tu. Nikilala chali bado nagusa, ila siogopi sana ninachokigusa. Nimeruhusiwa kurudi nyumbani, natembea mpaka kwenye ngazi kuwaona watoto wa paka, maana nimewashindwa.

Matumbo amepanga tarehe 12 Mei. Hapo sasa ni tumbo lenyewe, kisu chenyewe. Sikufichi, hiyo naiogopa zaidi ya ile ya kwanza. Nilidhani nikishavuka moja ya pili itakuwa nyepesi, kumbe nimezidi kuona thamani ya kuwa hai. Tena kauvimbe si kauvimbe, mdogo wangu. Ni uvimbe. Nilikaita hivyo kwa ajili yako.

Usije kama viti havijaisha. Hospitali hizi zina harufu usiyoipenda, nakujua. Binti yangu yupo, ananitosha.

Wasalimie wote.

Dada yako.


Tarehe 12 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nakusalimu ukiwa nyuma ya mlango, umelazwa na nusukaputi, kwa hiyo najua hutaitikia. Nimekuja. Viti havijaisha, safu tatu zimebaki uchi, na mteja amenitukana kwenye simu mpaka kituo cha basi. Nimechelewa kukuona kabla hujaingizwa, na hilo litaniuma. Naandika kwenye benchi ya mbao isiyo na sponji, fundi wake angefungwa.

Hukunijibu lile swali. Ulijibu mengine yote mpaka habari za paka.

Leo nimelijibu mwenyewe bila kutaka. Nilifika nikamwambia nesi wa mezani mimi ni ndugu wa mgonjwa aliye ndani, nikakutaja. Akafungua faili lako, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Huyu mama ametuambia hana ndugu wa tumbo moja. Ni peke yake." Nilidhani amekosea faili. Akanionyesha, imeandikwa: ndugu, hakuna.

Nilikaa chini, Dada. Nakuambia kweli niliumia. Nikasema moyoni, haya ndiyo malipo ya maneno yangu mawili, amenifuta. Nilifikiria kuondoka, nikafika hata mlangoni. Mpwa wangu alinikuta pale ameshika chupa ya chai. Hatukuwa tumesalimiana tangu hasira zake. Nikamuuliza mama yako amenifuta kwa nini, akaweka chupa chini.

Akaniambia yote. Kwamba siku ile ya habari za baba, Mishipa alisema kufura huku kunakwenda kwa damu, kwamba huenda ndiko kulikomuua baba, na kama una ndugu, hasa wa kiume, aitwe apimwe tumbo mara moja. Na wewe ukamtazama usoni ukasema huna, kwamba huyo fundi wa barua ni mdogo wako wa kuitana tu, si wa damu. Mpwa wangu alikuwepo, alitaka kusema, ukamkanyaga mguu chini ya meza. Nje ukamwambia, "Watoto wake bado wako shule. Nikipona mimi nitamwambia mwenyewe. Nisipopona utamwambia wewe. Lakini asiyabebe yote mawili kwa wakati mmoja." Ndivyo alivyosema ulisema.

Sijui nikushukuru au nikufokee. Wewe uliyekataa kutia saini bila mimi, mimi ukanifutia saini yangu. Nimekaa hapa mkono uko juu ya kitovu ndani ya shati, nasikiliza. Mara naona kinadunda, mara naona ni hofu yangu tu. Siwezi kutofautisha. Mpwa wangu amekaa pembeni anajifanya hanioni.

Niliacha kuandika hapo, kwa sababu mlango ulifunguliwa. Sasa naendelea.

Matumbo ametoka kwanza, amevua kofia. Umetoka salama. Kipande cha utumbo chenye uvimbe kimeondolewa, wameunganisha, na bomba la mwenzake halikuguswa wala kusogelewa. Uvimbe unapelekwa kupimwa, majibu yatakuja baadaye, ila kwa macho yake haukuwa umetembea. Umeanza kuzinduka na neno la kwanza ulimwuliza nesi kwa nini shuka halijakunjwa kwenye pembe. Mpwa wangu amelia, mimi nimelia, Matumbo ametuacha tulie.

Mishipa alikuwa nyuma yake. Alikuja kuangalia kazi yake. Akampongeza mpwa wangu, kisha akanigeukia, akauliza, "Na huyu mzee ni nani?"

Mpwa wangu akainamisha kichwa. Nilijua akiulizwa tena atadanganya kwa ajili yako.

Nikasema, "Mimi ni mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja. Iandikeni kwenye faili."

Hakushangaa wala hakukugombeza. Aliniangalia tumbo, akaangalia saa yake, akasema chumba cha picha bado kiko wazi, na kile kipimo kinataka tumbo tupu. Akaniuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi.

Nimemjibu sijala.

Mdogo wako.